Asiyeshika Usukani

Sogeeni, wanangu. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nina habari ya mfuko.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa duara, wa kitambaa kigumu, na kipenyo chake hakikufika mita moja. Mtu mzima aliingia, akakunja magoti mpaka yakamgusa kifua, akaikumbatia miguu yake, na aliyebaki nje akavuta zipu. Giza totoro. Ndani mlikuwa na kifaa cha kumpa hewa, na sauti aliyoisikia kwa karibu ni ya pumzi zake mwenyewe. Hakuambiwa atakaa humo dakika tano au saa nzima. Alikaa tu, na huko nje kuna watu wanasubiri kuona kama ataomba kutolewa.

Haya yalifanyika mwaka 1977, mjini Houston, Texas, katika kituo cha Johnson cha NASA, shirika la anga la Marekani. Waliofungiwa mfukoni hawakuwa wahalifu. Kulikuwa na daktari wa upasuaji, mwanafizikia, mtaalamu wa miamba, mhandisi wa umeme. Watu wenye shahada za uzamivu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kufungiwa gizani, na wote wakiomba Mungu wafanye vizuri.

Kwa nini mtu msomi akubali hivyo? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1959, Marekani ilipotafuta watu wake wa kwanza wa kwenda angani, Rais Eisenhower alitaka watoke miongoni mwa marubani wa majaribio wa jeshi. Hao ni wale wanaopewa ndege mpya ambayo hakuna anayejua kama itatulia hewani, wakaambiwa: haya, irushe. Masharti yalikuwa mafupi na makali. Uwe hujafika miaka 40, urefu wako usizidi sentimita 180, uwe umeruka saa 1,500, na uwe na shahada ya uhandisi au elimu inayolingana nayo. Yakapekuliwa majalada 508. Waliotimiza masharti walikuwa 110. Wakachaguliwa 7, wote wanaume, wote Wazungu.

Kama chombo chako kina kiti kimoja tu, kumpa rubani si jambo la ajabu. Lakini sharti linaweza kuwa ukuta. Miaka michache baada ya hao saba kuchaguliwa, wanawake 13 waliokuwa marubani walipimwa afya kwa vipimo vilevile, kwa daktari yuleyule aliyewapima wanaume, na wakafaulu. Wa kwanza wao alikuwa Jerrie Cobb, aliyekuwa amerusha ndege tangu utotoni. Wakaambiwa hapana, nyinyi si marubani wa majaribio wa jeshi. Na jeshi lenyewe halikuwa likichukua wanawake katika kazi hiyo. Sasa hapo mtu atapita wapi?

Wasovieti waliliangalia jambo hilo kwa jicho jingine. Chombo chao cha Vostok kilijiendesha chenyewe kwa sehemu kubwa, lakini wakati wa kutua, aliyekuwa ndani alirushwa nje na kiti chake akiwa kilomita kadhaa juu ya ardhi, akashuka kwa parachuti. Basi wakatafuta watu wanaojua parachuti. Ndivyo Valentina Tereshkova, msichana wa kiwanda cha nguo ambaye siku za mapumziko alikuwa akiruka kwa parachuti kwenye klabu, alivyopata kwenda angani tarehe 16 Juni 1963, mwanamke wa kwanza duniani. Mwaka uliofuata wakabanana watu watatu ndani ya chombo kimoja cha Voskhod: rubani Vladimir Komarov, mhandisi Konstantin Feoktistov aliyeshiriki kukisanifu chombo chenyewe, na daktari Boris Yegorov. Nafasi ilikuwa finyu hivi kwamba walisafiri bila mavazi ya angani. Mimi nisingependa kusafiri hivyo, lakini huo ndio uliokuwa mwanzo: daktari na mhandisi wamekalia viti ambavyo hapo kabla vilikuwa vya marubani peke yao.

Wanasayansi wa Marekani nao walikuwa wakinung'unika. Tunakwenda mwezini kuchukua mawe, walisema, halafu tunawapeleka watu wasiojua mawe. Mwaka 1965 NASA ikakubali kuchukua wanasayansi sita. Mmoja wao alikuwa Harrison Schmitt, mtaalamu wa miamba, ambaye tayari alikuwa akiwafundisha wanaanga namna ya kulitazama jiwe. Mnadhani alipochaguliwa alipewa nyundo na mfuko wa sampuli? Alipelekwa chuo cha urubani cha jeshi la anga, akafundishwa kurusha ndege ya jeti. Ndiyo yalikuwa mawazo ya siku zile: mwanasayansi sawa, lakini kwanza awe rubani.

Schmitt alingoja hadi Desemba 1972, safari ya Apollo 17, safari ya mwisho ya watu mwezini katika mpango ule. Yeye na kamanda wake, Eugene Cernan, walisimamisha gari lao dogo kando ya kreta iitwayo Shorty. Kila kitu huko ni kijivu. Mavumbi kijivu, mawe kijivu, vilima kijivu. Schmitt akatembea, buti lake likachimbua mchanga, akaona rangi ya chungwa. Akapaza sauti. Cernan akaja, akaona naye. Hewa ya kupumua ilikuwa na mpaka wake, na muda uliobaki hapo ulikuwa nusu saa hivi. Schmitt akachimba mfereji mdogo kuukata ule mchanga kwa upana, akachukua sampuli ya rangi ya chungwa na ya kijivu iliyokuwa pembeni yake, wakapigilia bomba ardhini kutoa kipande cha udongo kwa kina, wakapiga picha. Walipoupima mchanga ule duniani, ulikuwa chembe ndogo mno za kioo, zilizorushwa na volkano ya mwezini zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita.

Rubani naye angeliona rangi, macho anayo. Kujua la kufanya katika nusu saa ile, bila kupoteza dakika, ndiyo kazi aliyoisomea Schmitt. Kati ya watu 12 waliokanyaga mwezi katika safari za Apollo, mwanasayansi kwa taaluma alikuwa yeye peke yake.

Kikaja chombo kipya, Space Shuttle, na hesabu ikabadilika. Hiki kilikuwa na tumbo la mizigo lenye urefu wa mita 18, mkono wa mashine wa kunyanyulia setilaiti, na kwa kawaida nafasi ya watu hadi saba. Kukirusha kulihitaji watu wawili. Hao wengine wa nini? Waulizeni watu wa Lamu. Jahazi lina nahodha mmoja usukanini. Waliobaki wanapandisha tanga, wanafua maji ngamani, wanapika, wanaziba panapovuja. Bila wao nahodha hafiki popote. NASA ikawaita watu wa namna hiyo wataalamu wa safari: wasiorusha chombo, lakini wanaofanya ile kazi ambayo chombo kimeendea.

Mwezi Julai 1976 tangazo likatoka. Mtaalamu wa safari hakuhitaji kuwa rubani. Alihitaji shahada ya sayansi, hesabu, uhandisi au udaktari, na uzoefu. Urefu uliruhusiwa kuanzia sentimita 152 hadi 193. Hata mwenye miwani alikaribishwa, mradi miwani yake imwezeshe kuona sawasawa. Sharti hilo la macho mnaweza mkaliona dogo. Mwulizeni Mike Mullane, mwanajeshi wa anga aliyetamani urubani tangu utotoni na akakwama kwa sababu ya macho, akabaki kukaa kiti cha nyuma cha ndege za kivita. Tangazo hili lilikuwa mlango wake.

Ila tangazo ni karatasi tu. Miezi ikapita, na wanawake na Wamarekani weusi waliotuma maombi wakawa wachache. Ungekuwa wewe, ungetuma? Miaka karibu 20 umeonyeshwa picha za wanaanga, na hakuna hata mmoja anayefanana nawe. Basi mwaka 1977 NASA ikamwendea mwigizaji Nichelle Nichols. Huyu aliigiza kama Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano mweusi ndani ya chombo cha angani, katika filamu za televisheni za Star Trek. Ndiyo, jina hilo limetoholewa kutoka neno letu uhuru, mmesikia vizuri. Nichols akazunguka nchi nzima, vyuo vikuu na mikutano ya wahandisi, akiwaambia watu watume maombi yao.

Huko California, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanafunzi wa fizikia aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu alisoma habari ya nafasi hizo kwenye gazeti la wanafunzi. Akatuma maombi. Jina lake Sally Ride.

Hadi mwisho wa Juni 1977 yalikuwa yamefika maombi 8,079. Wakaitwa watu 208, wakapangwa makundi ya watu ishirini hivi, kila kundi juma lake Houston. Walipimwa damu, moyo, masikio, macho, walikimbizwa kwenye mashine. Halafu ule mfuko wetu. Shuttle haikuwa na mavazi ya angani ya kumtosha kila mtu, kwa hiyo mafundi walibuni mfuko ule: chombo kikiharibika, wasio na mavazi watafungiwa humo, na wenye mavazi watawabeba, mfuko mmoja mmoja, hadi kwenye chombo cha waokoaji. Haukuwahi kutumika angani hata siku moja. Lakini kwa wachaguzi ulikuwa kipimo kizuri. Mtu anayeogopa mahali finyu, ni heri ajulikane akiwa Houston.

Kulikuwa pia na madaktari wawili wa akili, na hapa ndipo nilipochekea zaidi niliposoma masimulizi ya waliopitia. Mmoja alikuwa mpole, anakuuliza mambo ya ajabu, kwa mfano kama ungezaliwa tena mnyama, ungependa kuwa mnyama gani. Wa pili alikuwa mkali, hacheki, anakufyatulia maswali bila kupumzika. Hesabu kutoka 100 kurudi nyuma, ukitoa saba kila mara, haraka! Jaribuni sasa hivi: 100, 93, 86, 79... mnaona mnavyoanza kusitasita? Na hapo hakuna aliyewakazia macho. Daktari mkali hakuwa na haja ya kujua kama unaweza kutoa saba. Alitaka kuona utakavyokuwa ukikosea mbele ya mtu asiyekuhurumia: utanuna, utabisha, au utavuta pumzi uendelee?

Mwisho wa yote kulikuwa na chumba chenye meza na jopo la wachaguzi, mwenyekiti wao George Abbey, mtu wa maneno machache. Katika jopo alikuwemo Carolyn Huntoon, mtaalamu wa fiziolojia na mwanamke wa kwanza kukaa upande ule wa meza. Waombaji waliingia wakitegemea kuulizwa fomula. Badala yake wengi waliombwa wasimulie maisha yao tu: shule, kazi, wanachopenda kufanya wakiwa nyumbani. Ubingwa wao ulikuwa umeshaandikwa kwenye fomu, na vyuo vikuu vilishautolea vyeti. Kilichobaki kujulikana kinatoka mtu akisimulia: kama anawataja wenzake au anajitaja mwenyewe tu, kama ameshawahi kushika kazi isiyo yake, kama unaweza kukaa naye chumba kimoja juma zima bila kutamani kumfungia mfukoni.

Tarehe 16 Januari 1978 majina 35 yakatangazwa. Marubani 15, wataalamu wa safari 20. Wanawake walikuwa sita: Sally Ride, Judith Resnik, mhandisi wa umeme, Kathryn Sullivan, mtaalamu wa miamba na bahari, Shannon Lucid, mwanabiokemia, na madaktari wawili, Anna Fisher na Rhea Seddon. Wanaume weusi walikuwa watatu: Guion Bluford, Frederick Gregory na Ronald McNair. Alikuwemo pia Ellison Onizuka wa Hawaii, mjukuu wa wahamiaji wa Kijapani. Mullane wa miwani naye alipita.

Nikiishia hapo mtadhani kila mtaalamu alipanda angani kufanya kazi yake aliyoisomea. Sasa sikilizeni habari ya Rhea Seddon.

Aprili 1985 alikuwa ndani ya Shuttle iitwayo Discovery, safari yake ya kwanza. Waliiachia angani setilaiti ya mawasiliano, kubwa, ya fedha nyingi, na ilitakiwa iamke yenyewe: inyooshe antena, ianze kuzunguka. Haikuamka. Ikaelea palepale, kimya. Wahandisi wa chini wakahisi kwamba swichi yenye mkono mdogo ubavuni mwa setilaiti haikusogea mpaka mwisho. Kama mtu angeweza kuivuta! Lakini hakukuwa na kifaa cha kuivutia, na duka la vifaa liko mamia ya kilomita chini.

Houston wakakaa chini na orodha ya vitu vyote vilivyomo chomboni, wakatuma maelezo. Chukueni majalada ya plastiki ya vitabu vya maelekezo. Yakateni matundu. Yafungeni kwa utepe wa gundi. Kilichotoka ni kitu kilichofanana na kile cha kupigia nzi, na jina lake la utani likawa hilohilo. Kazi ya kukata na kushona ikamwangukia Seddon, maana nani mwingine chomboni alikuwa na mikono iliyozoea kushona watu? Kisha wenzake wawili, Jeffrey Hoffman na David Griggs, wakatoka nje, jambo ambalo halikuwemo kabisa katika ratiba ya safari, wakakifunga kile cha kupigia nzi kwenye ncha ya mkono wa mashine. Siku iliyofuata Seddon akakaa kwenye vidhibiti vya mkono ule, akausogeza taratibu, akainasa swichi. Akaivuta. Plastiki ikachanika kama ilivyopangwa, kuonyesha kwamba imeshika.

Setilaiti ikabaki kimya vilevile. Tatizo halikuwa swichi.

Miezi minne baadaye kundi jingine lilikwenda, likaikamata setilaiti ile, na watu wawili waliovaa mavazi ya angani wakaiunganisha nyaya upya, ikaamka. Mmoja wa hao wawili alikuwa William Fisher. Daktari wa watu, si wa mashine. Na wakati huo alikuwa mume wa Anna Fisher! Mwaka 1977 waliomba pamoja, mke akachukuliwa, mume akaachwa. Akaomba tena, akapita mwaka 1980. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa zile nyaya, maana si kila mume angeweza kukaa nyumba moja na barua ya kukataliwa wakati mkewe anatoka asubuhi kwenda mazoezini.

Katika ile safari ya Seddon alikuwemo pia seneta mmoja, Jake Garn, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyosimamia fedha za NASA. Hakupita kwenye mchujo wa wale 8,079. Angani aliugua kichefuchefu kwelikweli, mpaka wenzake wakawa wanapima kichefuchefu cha watu wengine kwa jina lake. Kusema haki, kichefuchefu cha angani humpata yeyote, hata rubani hodari, na yeye alijitolea kuchunguzwa na madaktari kwa ajili hiyo. Ila nami nina haki ya kucheka kidogo.

Huyo Hoffman aliyetoka nje ana habari nyingine. Alikuwa mtaalamu wa nyota, na alichunguza nyota kwa mionzi ya eksirei. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya elimu hiyo ilirushwa kutoka kwetu, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Basi Desemba 1993 mtaalamu huyu wa nyota alipelekwa kuitengeneza darubini ya Hubble, akiwa na Story Musgrave, daktari wa upasuaji. Walibadilisha vifaa vya ndani, vizuri kabisa. Wakaja kufunga milango ya kasha, milango ikagoma. Huku inafunga, kule inafunguka. Mnajua kabati la nguo lililojaa? (Hapana, siwafananishii, mnalijua wenyewe.) Wakachukua mkanda wa kukazia mizigo, wakauzungusha, wakakaza kidogo kidogo mpaka milango ikakutana na komeo zikaingia. Walikuwa nje karibu saa nane siku hiyo. Darubini ya fedha nyingi mno, na wasomi wawili wanahangaika na mlango.

Na Sally Ride? Tarehe 18 Juni 1983 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani. Alichaguliwa kwa safari hiyo kwa sababu aliujua ule mkono wa mashine vizuri mno. Alishiriki kuujaribu na kuuboresha kwa miaka kadhaa. Kabla hajaondoka, mwandishi wa habari alimwuliza kama huwa analia mambo yakiharibika kazini. Akacheka, akauliza kwa nini swali hilo haulizwi Rick, mwenzake aliyekaa kando. Yule daktari mkali wa akili alikuwa amemwandaa vizuri.

Sitawaficha lililo gumu. Ronald McNair alipokuwa mtoto wa miaka tisa, mjini kwao Lake City, South Carolina, alikwenda maktaba kuazima vitabu, akakataliwa kwa sababu ni mweusi. Hakuondoka. Polisi wakaitwa, mama yake akaitwa, mwisho akapewa vitabu. Alikua akawa mwanafizikia wa miali ya leza, akachaguliwa, akaruka mwaka 1984, na huko juu akapuliza saksofoni yake. Tarehe 28 Januari 1986 alipanda Shuttle iitwayo Challenger kwa safari yake ya pili. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuondoka ardhini, na watu wote saba wakafa. Wanne kati yao walikuwa wa kundi lile la 1978: McNair, Judith Resnik, Ellison Onizuka na kamanda Dick Scobee. Pamoja nao alikuwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000. Hitilafu ilianzia kwenye pete ya mpira ndani ya roketi ya pembeni, asubuhi ya baridi kali, na wahandisi waliotahadharisha usiku wa kuamkia siku hiyo hawakusikilizwa. Hakuna mchujo wa wanaanga ambao ungeweza kuzuia hilo. Maktaba ya zamani ya Lake City leo ni jumba la makumbusho lenye jina la McNair.

Najua kuna mmoja wenu anataka kuuliza: je, mimi? Nitakujibu bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. NASA inachukua raia wa Marekani. Shirika la anga la Ulaya linachukua raia wa nchi wanachama wake. Kenya ina shirika lake la anga tangu 2017, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, lakini kutuma setilaiti na kutuma watu ni mambo mawili tofauti. Kwa hiyo leo, mtoto wa Tanga au Kisumu mwenye pasipoti ya nyumbani tu, foleni hizo mbili si zake. Lakini baadhi ya masharti mengine yanazidi kulegea. Ulaya ilipokea maombi zaidi ya 22,500, na kati ya 17 waliochaguliwa mwaka 2022 alikuwemo John McFall, daktari wa upasuaji Mwingereza anayetembea kwa mguu wa bandia, aliyepata medali ya shaba kwenye Michezo ya Walemavu ya 2008. José Hernández, mtoto wa vibarua wa mashambani California, alikataliwa na NASA mara 11. Katika miaka hiyo akajifunza urubani, kuzamia na Kirusi. Mara ya 12 akachukuliwa, akaruka mwaka 2009.

Na ule mpaka wa umri wa mwaka 1959 NASA iliuacha. Shannon Lucid alichaguliwa akiwa na miaka 35 na watoto watatu nyumbani. Machi 1996, akiwa na miaka 53, alikwenda kukaa kwenye kituo cha angani cha Warusi kiitwacho Mir pamoja na Yuri wawili, Yuri Onufrienko na Yuri Usachev. Akachunguza mayai ya kwale, akapanda ngano. Kila Jumapili jioni watatu hao walikula jeli waliyoletewa kutoka Marekani. Chombo cha kumrudisha kikachelewa, mara roketi zina hitilafu, mara kimbunga, akaongezewa wiki sita. Jumla siku 188.

Vitabu alitumiwa kutoka nyumbani. Jioni moja alifika mwisho wa riwaya moja, akakuta imeandikwa kwamba hadithi inaendelea katika juzuu la pili. Juzuu la pili halikupakiwa.